Kasha Lililofichwa Muhuru

Andika kwenye simu namba za mwamba wowote ulio karibu na Muhuru Bay, kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya, kisha usahau alama moja ndogo ya kutoa mbele ya digrii za kusini. Ramani haitakuonyesha ziwa wala mwamba. Itavuka ikweta na kukutupa kilomita 220 hivi kaskazini, jirani ya mji wa Mbale, Uganda. Muhuru iko karibu kabisa na digrii 1 kusini, digrii 34 na ushei mashariki. Mbale iko karibu na digrii 1 kaskazini, longitudo ileile. Kosa la alama moja limekugeuzia nchi.

Namba hiyo ya digrii 1 kusini ina historia nzito upande huu wa ziwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki, walikubaliana kwamba mpaka wao utoke pwani, uzunguke Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale unapokatwa na digrii 1 kusini. Wasuba na Wajaluo waliokuwa wakivua maji hayo hawakuulizwa. Nayaleta haya mwanzoni kwa sababu makala hii inahusu mchezo unaochezwa kwa namba hizohizo, na ningependa safari hii wenyeji waulizwe kwanza.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashi. Kinachofichwa nitakiita kasha, neno letu la zamani ambalo kwa bahati njema linasikika karibu sawa na lile la Kifaransa ambalo mchezo ulilikopa. Mtu huweka kasha lenye daftari dogo mahali palipofichika, kisha huchapisha namba za mahali, yaani viwianishi, kwenye tovuti ya Geocaching. Wengine huzifuata, hulitafuta, huandika jina na tarehe ndani ya daftari, hulirudisha palepale walipolikuta. Ukikuta pia vitu vidogo ndani na kuchukua kimoja, unaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Waliokua Kenya wafikirie brikicho, ila anayejificha ni mkebe na hachoki kungoja.

Mchezo huu ulianza mara tu ulipowezekana. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zinazotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha mkononi kiliweza kukosea kwa mita 100. Siku iliyofuata, Dave Ulmer aliacha ndoo msituni katika jimbo la Oregon na kutangaza namba zake, na baada ya siku chache ilikuwa imepatikana. Leo makasha duniani yanapita milioni 3.

Kuhusu vifaa, anza na simu uliyonayo. Watu wengi huamini kwamba GPS hula bando. Haili. Simu husikiliza ishara za setilaiti zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, na zikipatikana nne inajua ilipo, hata pasipo mnara wowote wa simu. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu mjini Migori, pakua ramani ya eneo zima kwenye programu kama Organic Maps au OsmAnd. Mwenye simu ya Android anaweza pia kutumia c:geo, ambayo ni ya bure na huhifadhi maelezo ya makasha ndani ya simu. Ukifika, simama mahali peupe dakika chache, kwa maana simu isiyo na intaneti huchelewa kidogo kuzipata setilaiti kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa mpaka uko hapo jirani, simu huweza kudaka mnara wa Tanzania na kukukata pesa za ugenini: chagua mtandao wako kwa mkono, au zima data kabisa.

Kifaa maalumu cha GPS kina faida mbili ambazo ni za kweli. Kinastahimili maji, na kinatumia betri za kawaida. Garmin eTrex 10, kwa mfano, hutumia betri mbili ndogo na kufanya kazi saa 20 hivi, betri ambazo unaweza kuzipata hata dukani kijijini. Anayeshinda ziwani au milimani siku nzima atakishukuru. Anayetoka mara moja kwa mwezi atosheke na simu na pawabenki iliyojaa.

Sasa namba, ambazo ndizo huwapoteza wengi. Tovuti ya mchezo huandika mahali kwa digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano S 01° 00.500'. Hiyo ni nusu dakika kusini ya digrii 1. Mtu akiisoma kama digrii 1.00500 atakuwa amekosea kwa zaidi ya mita 360. Akiisoma kama digrii 1, dakika 0 na sekunde 50, atakosea kwa zaidi ya mita 600. Kabla ya kutembea, fungua mipangilio ya programu uhakikishe inatumia muundo uleule uliopewa. Kwa kupima haraka, kumbuka kwamba huku karibu na ikweta dakika moja ni kilomita 1.8 na kidogo, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi vilevile. Kwa hiyo tarakimu ya mwisho kabisa katika 00.500 ni chini ya mita 2 ardhini. Hakuna simu inayojua hilo kwa hakika. Chini ya anga wazi simu nzuri hukosea mita 5 hivi, na kando ya mwamba mkubwa au chini ya miti mizito hukosea zaidi. Ikikuambia umefika, itie mfukoni utumie macho.

Mtego mwingine uko kwenye ramani za karatasi. Ramani za zamani za Survey of Kenya zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti hutumia WGS84. Mahali palepale katika mifumo hiyo miwili pana namba tofauti, na tofauti hiyo ni takriban mita 300. Kwenye rasi kama Muhuru, mita 300 zinaweza kukutoa kilimani zikakuweka majini. Ukisoma namba kwenye karatasi ya zamani, badilisha mfumo kwenye kifaa chako kwanza.

Kabla ya kuchapisha namba za kasha lako, zipime mara kadhaa kwa siku tofauti na saa tofauti, kisha uchukue wastani. Setilaiti husogea, na kipimo cha asubuhi si cha jioni. Ukipima mara moja tu, wanaokufuata watapindua mawe yasiyo na hatia.

Kasha lenyewe liwe kopo gumu lenye kifuniko cha kubana. Kwingineko watu hutia daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo tegemea kifuniko. Tia penseli badala ya kalamu, maana haisumbuliwi na unyevu. Usitumie mkebe uliowahi kuweka omena, kwani harufu haitoki na mbwa watautafuta kabla ya watu. Chakula, visu, dawa na pombe haviruhusiwi ndani. Wala hairuhusiwi kuchimba shimo ili kulifukia bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi. Na kasha moja likae angalau mita 161 kutoka jingine.

Sehemu ngumu ni kupata pa kuliweka. Ufuo unavutia, lakini mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza nyumba na bandari ndogo ufuoni, basi weka juu, mbali na maji. Majini kuna kichocho na mamba, na usiku viboko hutoka kula majani, kwa hiyo usimwite mtu kutafuta kitu ufuoni gizani. Upande wa Macalder, Osiri na Masara kuna machimbo ya dhahabu yenye mashimo wazi yaliyofunikwa na nyasi. Huko usifiche kitu chochote, hata ukionyeshwa mahali pazuri namna gani. Achana pia na vituo vya polisi, gati, shule na maeneo ya mpakani. Usifiche pia kwenye kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018: zimesimama karne kadhaa bila saruji, na jiwe moja likivutwa kutafuta kopo huweza kuangusha mengine.

Kuna aina ya kasha lisilo na kopo, ambalo msafiri hufika, hutazama miamba na kujibu maswali ya jiolojia. Mahali pake hasa katika eneo hili ni Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay. Ni shimo la volkano lililojaa maji ya magadi. Wajaluo husimulia kwamba kijiji kilizama hapo baada ya kumnyima bibi kizee hifadhi. Msafiri aje na maswali ya mwamba, aondoke na masimulizi yote mawili.

Popote utakapochagua, pana mwenyewe. Anza kwa mwenye shamba, kisha mzee wa kijiji na naibu wa chifu. Kama ni ufuoni, nenda kwa viongozi wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo. Maneno hayahitaji kuwa marefu: "Misawa, mzee. Tunaomba kuweka kopo hili chini ya jiwe lile. Ndani lina daftari tu. Watu wachache watakuja kuandika majina na kuliacha. Ukikataa, tutaondoka nalo." Fungua kopo aone. Nje andika kwa Kiswahili na Dholuo kwamba ni mchezo, pamoja na namba ya simu yako. Katika nchi iliyopata mashambulizi ya mabomu, kopo lisilojulikana karibu na njia huleta hofu ya haki, na mgeni anayezungukazunguka shambani akitazama simu anastahili kuulizwa. Fumbo liwe kwa wanaotafuta. Mama anayelima pale ajue kila kitu.

Wachezaji wakitaka kukutana, tangazo liwasilishwe angalau wiki mbili kabla, na mkutano uchukue dakika 30 au zaidi. Hudhuria, andika jina, badilishana habari na vidani vyenye namba vinavyosafiri kutoka kasha hadi kasha. Kwa Muhuru napendelea mkutano wa kusafisha, ambao huchukua angalau saa moja: glavu, magunia, na mabaki ya nyavu za nailoni yaliyotapakaa ufuoni. Panga na BMU mapema taka zitapelekwa wapi, maana rundo lililoachwa hurudi ziwani na mvua ya kwanza. Kuleni samaki katika vibanda vya hapohapo na mlipe bei yake.

Katika kutembea huko, simu yako inaweza kurekodi njia. Usiifute. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka mitaa yao na vifaa vya GPS vya mkononi wakachora Kibera kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambako palikuwa patupu. Ng'ambo ya mpaka, katika Mkoa wa Mara, mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015 umechora vijiji ili wasichana wanaokimbia ukeketaji wafikiwe haraka. Muhuru nayo ina vijia, visima na zahanati ambavyo dereva wa ambulensi anavihitaji. Viongeze. Majina ya watu na nyumba zao usiyaandike.

Mwisho ni utunzaji. Baada ya mvua za Machi hadi Mei, rudi ukatazame kasha, ukaushe daftari, usalimie mwenye shamba. Mtu anayepita likizo asiache kasha Muhuru bila mwenyeji aliyekubali kulitunza. Na ukihama, mkabidhi mtu wa karibu kupitia tovuti, au uliondoe kopo na kulifunga rasmi, kisha umwambie mzee kwamba jiwe lake sasa halina kitu chini.