Kusalimu amri mapema: Ni adabu au ni kususa?



Ndugu msomaji, vijana ninaowasomesha hunijia na maswali mengi nje ya kitabu, na katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya maswali hayo yanahusu simu. Moja limerudiwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona nilitolee somo. Wanauliza: katika michezo ya vita na mikakati inayochezwa kwenye intaneti, mtu akishaona anaelekea kushindwa, je, ana haki ya kuacha mchezo hapo hapo, au anawajibika kucheza mpaka mwisho?

Niseme mapema kwamba mada yangu si hukumu ya michezo yenyewe. Hilo wanazuoni wamelizungumza, na mwenye kutaka alitafute kwao. Mimi nazungumza na yule ambaye tayari anacheza, na anacheza na binadamu wenzake. Hawa wapo majumbani mwetu, na wengine wamo vyumba vya jirani na sisi usiku huu tunaposoma gazeti.

Kwanza tuelewe kwamba kusalimu amri si aibu wala si uvunjaji wa kanuni. Katika sataranji, kanuni za Shirikisho la Dunia, FIDE, zinasema wazi kuwa mchezo umekwisha pale mchezaji mmoja anapotangaza kuwa amekubali kushindwa. Mabingwa wengi hawasubiri mfalme akabwe. Wakiona hakuna njia, wanatoa mkono na kuondoka. Katika mchezo wa vita wa StarCraft, uliotoka mwaka 1998 na kupata mashabiki wengi mno Korea Kusini, anayeshindwa huandika herufi mbili tu, "gg", kifupisho cha Kiingereza cha kusema kuwa mchezo ulikuwa mzuri, kisha anatoka. Desturi yao inataka herufi hizo zianzwe na aliyeshindwa. Mshindi akitangulia kuziandika huonekana mtovu wa adabu, kwa kuwa anamwambia mwenzake: wewe umekwisha, mbona hujaondoka?

Kwa hiyo kuacha kwa wakati wake ni heshima. Unamwambia mwenzako kuwa unaamini anajua kumaliza kazi aliyoianza, na huna haja ya kumpotezea nusu saa. Kinyume chake ni yule ambaye jeshi lake limekwisha, naye analirusha jengo lake la mwisho mpaka pembe ya ramani ili mwenzake aanze kulisaka. Au yule wa sataranji ya mtandaoni ambaye amebakiza mfalme peke yake, lakini ana dakika kumi kwenye saa yake, akaiacha saa itembee na yeye akaenda kunywa chai. Huyu hachezi tena. Anamwadhibu mwenzake kwa kosa la kumshinda.

Ama yule anayeacha mapema mno, mambo yake yanahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu mara nyingi hajui kama kweli ameshindwa.

Mwaka 1902, huko Monte Carlo, Georg Marco alikuwa akicheza na Ignatz von Popiel. Akaona kete yake moja imebanwa na itapotea, akasalimu amri. Kumbe palikuwepo hatua moja ambayo kwayo yeye Marco ndiye angeshinda! Mwaka 1997, New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alisalimu amri katika mchezo wa pili dhidi ya kompyuta ya Deep Blue. Kesho yake wasaidizi wake wakamweleza kuwa wachambuzi wameona njia ya kutafuta sare kwa kumshambulia mfalme mfululizo. Mpaka mashindano yanakwisha Kasparov alikuwa ameshindwa kwa pointi tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu. Na mwaka 2011, Marekani, mchezaji maarufu wa StarCraft II aitwaye IdrA alijitoa mbele ya HuK baada ya kuona ndege nyingi za kivita zikimjia. Zile ndege zilikuwa kivuli tu, hila ambayo mchezo wenyewe unairuhusu.

Hata wazee wetu wa Baghdad walilijua hili. Abu Bakr as-Suli, mchezaji mkubwa wa sataranji ya kale aliyeishi zama za Makhalifa wa Bani Abbas, aliacha fumbo la kete chache sana akisema upande mmoja una ushindi ndani yake. Watu walilitazama kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kuuona ushindi huo, mpaka miaka ya 1980 bwana Yuri Averbakh wa Urusi alipoufumbua. Sasa kijana wangu wa kidato cha tatu, mwenye miezi minne tu tangu ajifunze mchezo, anapata wapi yakini ya kusema "hapa hakuna kitu" baada ya dakika sita?

Mashine nazo husalimu amri, na zenyewe hazina hasira. Programu ya AlphaGo ilipocheza mchezo wa Go na Lee Sedol mjini Seoul, Machi 2016, ilishinda michezo minne kati ya mitano. Katika ule wa nne ilikubali kushindwa. Ilikuwa imewekewa kiwango: matumaini ya kushinda yakishuka chini ya asilimia 20, iache. Simwambii mwanafunzi ajipimie kwa asilimia. Namwambia awe na kiwango alichojiwekea kabla ya kukasirika.

Hayo yote ni ya mchezo wa watu wawili, ambapo ukiacha mapema unayejidhulumu zaidi ni wewe mwenyewe. Mwenzako amepata ushindi, ingawa kama ni mwanafunzi umemnyima nafasi ya kujifunza kumaliza. Uzito wa suala hili uko kwenye michezo ya watu wengi, na hapa naomba msomaji tuvumiliane kidogo.

Upo mchezo uitwao Diplomacy. Uliandaliwa na Mmarekani Allan Calhamer na ukaanza kuuzwa mwaka 1959. Kuanzia mwaka 1963 watu wakawa wanaucheza kwa barua za posta, na siku hizi unachezwa kwenye tovuti kadhaa. Wachezaji ni saba, kila mmoja na dola yake ya Ulaya ya mwaka 1901: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi na Uturuki. Hakuna kete za bahati nasibu. Kuna mazungumzo, mapatano, na maagizo yanayofunguliwa kwa pamoja. Ramani ina vituo 34 vya ugavi, na anayefikisha 18 ndiye mshindi. Mtandaoni zamu moja huweza kupewa siku nzima au zaidi, hivyo mchezo mmoja unakwenda wiki kadhaa.

Sasa mtu mmoja akiacha bila kusema, nchi yake inahesabiwa kuwa imeingia vurugu za ndani. Majeshi yake yanasimama pale pale yalipo. Hayasogei, hayamsaidii mtu, na likisukumwa moja linafutwa. Tuseme aliyeacha ni Austria, nchi iliyo katikati, yenye Vienna, Budapest na Trieste. Italia, Urusi na Uturuki wanaigawana kama nyama ya bure. Urusi inanenepa, kisha inageukia Ujerumani, ambaye hakufanya kosa lolote na wala hakuwa jirani mkorofi. Wiki tatu za fikra za watu sita zimeamuliwa na mtu asiyekuwepo.

Jambo hili lilitokea miongoni mwa wanafunzi wangu, wakaniletea niamue. Mwenye Italia alimwahidi mwenye Austria kuwa hatamgusa, halafu zamu ya kwanza tu akaingia Trieste. Mwenye Austria akakasirika, akaizima simu, akawa hasalimiani na mwenzake hata kwenye safu ya swala. Nilipomuuliza akanijibu hivi: "Ustadhi, yeye ndiye aliyevunja ahadi kwanza, sasa mimi nina deni gani kwake?"

Swali zuri, na nilimwambia ni zuri. Jibu lake liko katika kutenganisha ahadi mbili. Iko ahadi iliyo ndani ya mchezo, na iko ahadi inayoubeba mchezo. Wote saba walikaa, wakasoma kanuni, wakajua kabla ya kuanza kwamba mapatano ya humo ndani hayamfungi mtu. Ni hila ya ubaoni, kama vile kwenye bao unavyomwachia mwenzako kete uzile umpotoshe. (Kwamba kijana mpole akae mbali na mchezo wa namna hii, hilo mimi naliunga mkono kabisa. Si kila roho inaubeba.) Lakini waliposema "tutacheza sote mpaka mwisho, na kila mtu atatuma maagizo yake kwa wakati", hapo hapakuwa na Italia wala Austria. Alikuwa fulani bin fulani anawaahidi wenzake sita. Mwenye Italia aliivunja ile ya kwanza, ambayo kanuni inaruhusu. Mwenye Austria akaivunja ya pili, na akaivunja kwa watano ambao hawakumfanyia chochote.

Mwenye Ujerumani alitaka mchezo ufutwe wote. Nikakataa, kwani kufuta kungewadhulumu waliocheza vizuri. Nikamtaka aliyeacha atoe nywila ya nafasi yake, aandike mstari mmoja wa kuwaarifu wenzake, na nafasi apewe mwanafunzi mwingine. Akafanya kwa shingo upande. Yule aliyerithi hakuiokoa Austria, ilikufa mwaka 1905 wa mchezo. Ila walioiua walitoka jasho, na Ujerumani ikapata muda wa kujipanga.

Wapo watakaosema: ustadhi, huu ni mchezo tu, unaukuza. Nawaomba watazame jinsi wakubwa walivyolichukulia. Septemba 2022, Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji, alishindwa na Hans Niemann katika mashindano ya Sinquefield Cup, kisha akajiondoa baada ya raundi tatu. Matokeo yake yakafutwa kwenye msimamo, na ule ushindi wa Niemann nao ukafutika. Wiki mbili baadaye wakakutana tena, safari hii mtandaoni, na Carlsen akasalimu amri baada ya kucheza hatua moja tu. Alikuwa na tuhuma zake dhidi ya Niemann, na sina nia ya kuziingilia. Ninachokitazama mimi ni wale washiriki wengine, kwani kwa jumla walikuwa 16, na mmoja wao alizawadiwa pointi bila kutoka jasho. Desemba 2023 kamati ya maadili ya FIDE ilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kule kujiondoa Sinquefield bila sababu halali. Hata bingwa, basi, hakuachiwa aondoke anavyotaka.

Barazani kwetu jambo hili lilijirekebisha lenyewe. Ukisusa bao ukainuka, wazee wanakuona, na kesho unarudi baraza ile ile wakikutazama. Mtandaoni umejificha nyuma ya jina la kubuni na picha ya simba. Ndiyo maana baadhi ya tovuti za Diplomacy zimeanza kumwandikia kila mchezaji alama ya uaminifu: mara ngapi alituma maagizo, mara ngapi alitoweka. Wenye alama ndogo hawapokelewi kila mahali. Kwa maneno mengine, wametengeneza baraza.

Uko pia uachaji ambao ni udanganyifu mtupu. Mtu anasalimu amri makusudi, mchezo baada ya mchezo, ili daraja lake lishuke, kisha aingie mashindano ya wachanga awapige. Au anamwachia rafiki yake ili rafiki apande. Tovuti za sataranji zinakataza na kuwafungia wanaobainika. Hapa sihitaji kutoa somo refu, kila mmoja anajua jina lake.

Na udhuru je? Udhuru upo. Mama anaumwa, mtihani umekaribia, mchezo umeanza kukulia swala. Hayo yakitokea acha, tena acha leo. Lakini kuacha kwa udhuru hakuhitaji kimya. Dakika mbili zinatosha kuwaandikia wenzako kwamba unaondoka, kutuma maagizo ya zamu iliyo mbele yako, na kumtafuta wa kukupokea. Na usijieleze sana, wala usimlaumu mtu katika ujumbe huo wa mwisho.

Wanafunzi wangu wameanza mchezo mwingine baada ya likizo. Safari hii waliandika masharti kabla ya kugawana nchi, na nimeyaona. Anayekosa zamu mbili bila taarifa, nchi yake anapewa aliye kwenye orodha ya akiba. Anayetaka kuacha aseme siku moja kabla. Anayeshambuliwa na jirani yake asilalamikie darasani. Sharti la nne waliliongeza wenyewe bila kuniuliza: siku ya Ijumaa, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana, hakuna zamu inayofungwa. Yule aliyekuwa Austria amepangiwa Uturuki.