Lugha ya Nyumbani Haimzuii Mtoto Kukijua Kiingereza cha Sekondari

SWALI

Mzazi mmoja wa Kirumba jijini Mwanza, anayeuza dagaa katika soko la samaki la Mwaloni, ameiandikia safu hii akieleza kwamba binti yake amehitimu Darasa la Saba mwezi Septemba na anatarajiwa kuanza Kidato cha Kwanza Januari katika shule ya serikali. Binti huyo ni hodari katika Hisabati na Sayansi, lakini kila afunguapo kitabu cha Kiingereza hunyamaza, na sasa ameanza kusema kwamba sekondari haiwezi. Jirani amemshauri mama huyo apige marufuku Kisukuma na Kiswahili nyumbani, na kituo kimoja cha masomo ya pre-form one kinadai ada ambayo hawezi kuilipa pasipo kugusa mtaji wake. Anauliza iwapo afuate ushauri wa jirani, na iwapo alipe ada hiyo.

JIBU

Lugha za nyumbani zisipigwe marufuku, na mtaji unaoilisha familia usiguswe, kwa sababu sehemu kubwa ya maandalizi inawezekana nyumbani kwa kitabu, daftari na muda wa kila siku.

Kwanza inafaa ieleweke kwamba hofu ya binti huyu haitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma zilizo nyingi, yaani lugha ambayo mwalimu huitumia kueleza somo na mwanafunzi huitumia kujibu, ilhali sekondari karibu masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985, lakini serikali iliamua kubaki na Kiingereza, na kwa hiyo mtoto aliyesoma kwa Kiswahili kwa miaka 7 hulazimika kubadili lugha ya masomo kwa kipindi cha likizo moja tu.

Ugumu wa badiliko hilo hufafanuliwa vizuri na tofauti aliyoibainisha mwaka 1979 mtaalamu wa elimu wa Kanada, Jim Cummins, kati ya lugha ya mazungumzo na lugha ya kitaaluma. Lugha ya mazungumzo ni ile ya salamu na shughuli za kila siku, ambayo husaidiwa na ishara na mazingira, ilhali lugha ya kitaaluma ni ile ya vitabu na mitihani, ambayo humtaka mwanafunzi afasili, alinganishe na atoe sababu kwa maneno pekee. Uchunguzi wake kwa watoto wahamiaji nchini Kanada ulionyesha kwamba ya kwanza huhitaji takriban miaka 2, na ya pili miaka 5 hadi 7, ingawa watoto hao walizungukwa na Kiingereza kila mahali. Mzazi wa Kirumba asitarajie, basi, kwamba miezi michache itamaliza kazi. Lengo la miezi hiyo ni kumwondolea mtoto woga na kumpa njia ya kujifunza.

Mtaalamu huyohuyo alieleza pia kwamba maarifa yaliyokomaa katika lugha moja huhamia katika lugha nyingine, na hapo ndipo ushauri wa jirani unapokosea. Mtoto anayeelewa kwa Kiswahili kwamba usanisinuru ni namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua hana haja ya kujifunza upya jambo hilo, kwani kinachobaki ni kulijua jina lake la Kiingereza na sentensi za kulieleza. Ushahidi uko ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, ambako Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980, wala lugha yake ya kwanza haikumzuia kuzijua lugha nyingine kadhaa. Kumkataza mtoto lugha anayoitumia kufikiri humfanya awe bubu nyumbani kama alivyo bubu mbele ya kitabu.

Kwa utekelezaji, mama atenge nusu saa hadi saa moja kila siku, akianza na vitabu vya Kiingereza vya Darasa la Tatu hadi la Tano, kwa kuwa kitabu anachokielewa mtoto humjenga kuliko kile kinachomshinda. Binti asome kwa sauti, kisha amsimulie mama yake kwa Kiswahili au Kisukuma alichokisoma, na kwa njia hiyo hata mzazi asiyejua Kiingereza hutambua kama mtoto ameelewa au ametamka tu. Awe na daftari lenye safu tatu, za neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili na sentensi aliyoitunga mwenyewe, na ndani yake yaingie mapema maneno ya amri ya mitihani, kama vile "define", yaani toa fasili, na "explain", yaani eleza kwa kutoa sababu.

Mada zitoke katika mambo anayoyajua. Mtoto wa Mwaloni anawajua sangara, sato na dagaa, na anaweza kuelezwa kwamba sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na baadaye akawamaliza furu wa aina nyingi, kisha aandike sentensi nne za Kiingereza kuhusu nani humla nani, ambalo ndilo somo la mnyororo wa chakula katika Biolojia. Vivyo hivyo kwa kichocho, ugonjwa ambao vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini kabla ya kumwingia binadamu kupitia ngozi.

Kuhusu pre-form one, mzazi aulize kabla ya kulipa iwapo watoto huzungumza, husoma na kuandika sentensi zao, au hunakili tu ubaoni mada za Fizikia na Kemia, kwa sababu kunakili asichokielewa hakumfundishi mtoto lugha. Kituo kikiwa kizuri na fedha ipo, na alipe; ikiwa fedha haipo, Maktaba ya Mkoa ipo jijini, na fedha kidogo inayopatikana inunue kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Januari ikifika, binti aripoti siku ya kwanza, kwa kuwa shule nyingi huanza Kidato cha Kwanza kwa wiki kadhaa za kozi ya awali ya Kiingereza, na anayechelewa huikosa.

Mwisho, wazazi na walimu wa Mwanza wanaombwa wasimcheke mtoto anapokosea sentensi, kwa maana anayechekwa huacha kusema, na asiyesema hajifunzi. Binti huyu ana akili, ana lugha mbili tayari, na ya tatu ataipata akipewa muda na moyo.