SOMO LA KIINUA MGONGO: AHADI NA AKIBA YAKE

Jua, ewe msomaji, ya kwamba Wafipa wakaao katika nyanda za juu za Sumbawanga wana desturi ya kale katika ukulima wao. Mvua zinapoelekea kwisha, mkulima hukata majani, akayafukia chini ya udongo, na akafanya matuta ya duara ambayo kwa lugha yao huitwa intumba. Majani yale huoza polepole. Na msimu unaofuata tuta husambazwa shambani, na mbegu hupandwa juu ya rutuba ile. Mwenye kufukia leo ndiye atakayevuna mwakani. Na asiyefukia kitu, hata akiwaahidi watoto wake mavuno makubwa namna gani, ahadi yake ni maneno matupu.

Pensheni ya mtumishi wa serikali ni mfano wa tuta hilo. Na katika miaka hii watu wamekhitilafiana sana juu yake: wako wasemao kuwa watumishi wameahidiwa mengi kupita kiasi, na wako wasemao kuwa wamepunjwa. Basi yafaa mambo haya yajulikane kwa hesabu kabla ya kutolewa hukumu.

1. MAANA YA PENSHENI

Pensheni si sadaka, wala si bakshishi. Ni ujira ulioahirishwa. Mwalimu wa skuli ya Laela, au mganga wa zahanati ya Muze, hufanya kazi ya mwezi akapokea sehemu ya ujira wake mwisho wa mwezi. Na sehemu nyingine huwekwa mpaka siku ya kustaafu. Sehemu hiyo iliyowekwa humrudia kwa mafungu mawili. La kwanza hulipwa mara moja, nalo huitwa kiinua mgongo, kwa kuwa humwinua mtu aliyeinama kazini miaka mingi. La pili hulipwa kila mwezi mpaka kufa kwake.

Na kiinua mgongo kina daraja kubwa kwa watu wa Ufipa kama kwa wengine. Kwa watumishi wengi, hiyo ndiyo mara ya pekee katika umri wao kushika fedha nyingi kwa mkono mmoja. Kwa fedha hiyo hukamilishwa nyumba, au hununuliwa shamba, au maksai wa kulimia, au mashine ya kusaga. Ndiyo sababu ya watu kusikitika mno fungu hili linapopunguzwa.

2. KHABARI ILIVYOKUWA

Kabla ya mwaka 1999, watumishi wa serikali kuu wenye haki ya pensheni walikuwa hawakatwi kitu kwa ajili yake. Hazina ndiyo iliyowalipa walipostaafu. Mwaka 1999 ikatungwa sheria iliyoanzisha mfuko wa PSPF, na tangu hapo kila mwezi ukawekwa mchango. Hivi sasa mchango huo ni asilimia 20 ya mshahara: mtumishi hutoa 5, na mwajiri 15.

Lakini miaka ya utumishi iliyotangulia mwaka 1999 haikuwa na akiba yo yote. Majani hayakufukiwa, na mavuno yakadaiwa. Mfuko ukawalipa wazee wale kwa michango ya vijana, huku ukingojea Hazina ilipe deni lake. Na deni likakua miaka mingi. Katika mwaka wa fedha 2021/22 ndipo serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 ili kulipunguza.

Tarehe 1 Agosti 2018 mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikaunganishwa kuwa mmoja, ndio PSSSF. Kanuni mpya zikatolewa mwaka huo, na kiinua mgongo cha wote kikawekwa kuwa asilimia 25 ya pensheni, ilhali watu wa PSPF na LAPF walikuwa wakipewa 50. Watumishi wakalalamika sana, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha kanuni zile. Kisha tangu tarehe 1 Julai 2022 ikawekwa asilimia 33 kwa wote. Na katika bajeti ya mwaka 2024/25 ikapandishwa kuwa 40 kwa waliokuwa na 50 hapo kale, na 35 kwa waliokuwa na 25.

3. HESABU YENYEWE

Achukuliwe mathalan mwalimu aliyetumika miaka 30, ndiyo miezi 360, na mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka.

Kwa kanuni ya kale ya PSPF, mshahara wa mwaka huzidishwa kwa 360, kisha hugawanywa kwa 540. Hupatikana 8,000,000, ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake huzidishwa kwa 15.5, kikawa kiinua mgongo cha shilingi 62,000,000. Nusu ya pili hugawanywa kwa miezi 12, zikawa shilingi 333,333 kila mwezi.

Kwa kanuni ya sasa, kigawanyo ni 580, na pensheni kamili ni 7,448,276. Asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5, kikawa kiinua mgongo cha shilingi 37,241,379. Na kila mwezi hupokea shilingi 372,414.

Basi mwalimu huyu amepungukiwa shilingi 24,758,621 siku ya kustaafu, na ameongezewa 39,081 kila mwezi. Ili nyongeza ile ifidie upungufu huu, yampasa aishi miezi zaidi ya 630, nayo ni miaka zaidi ya 52. Mwenye kustaafu kwa umri wa miaka 60 atakuwa amepita miaka 112. Kwa hiyo asemaye kuwa hakikupungua kitu, bali kimehamishwa tu kutoka fungu hili kwenda fungu lile, hesabu haimsadiki.

Lakini na upande wa pili usikilizwe. Hata kama mwalimu huyu angelikuwa na mshahara wa milioni moja tangu siku ya kwanza, michango yake yote, pamoja na ya mwajiri, ingelikuwa shilingi 200,000 kwa miezi 360, yaani 72,000,000. Kwa kanuni ya kale, akiisha kupewa 62,000,000 husalia 10,000,000, nazo zamtosha miezi 30 tu. Kwa kanuni ya sasa husalia 34,758,621, nazo zamtosha miezi 93. Kweli, hesabu hii haikutia faida ya mali ya mfuko. Lakini pia hakuna mwalimu aanzaye kazi kwa mshahara wake wa mwisho. Kwa hiyo asemaye kuwa ahadi ya kale ilikuwa na akiba ya kuitosha, naye hesabu haimsadiki.

4. HAKI YA WASIOKUWA NA PENSHENI

Yuko mtu wa tatu ambaye hatajwi sana katika ugomvi huu, naye ni mkulima. Huyu wa Ufipa hulima mahindi na maharage yanayolisha miji ya mbali, na hulipa kodi katika vitu vingi anunuavyo. Walakini hana mwajiri wa kumwekea asilimia 15. Mfuko ukipungukiwa na Hazina ikalipa, naye amo miongoni mwa walipaji. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni hata kama hakuajiriwa kamwe. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikawa 50,000. Hii ni dalili ya kuwa jambo hili lawezekana.

5. LIPASALO KUSHIKWA

Kila aliyesoma elimu ya mirathi ajua ya kwamba mali ya maiti haigawanywi kwa warithi mpaka madeni yake yalipwe. Mrithi hana haki ya kusema kuwa deni lilikuwa kubwa mno. Na mwenye kuandika wasia amewekewa mpaka, asiwaahidi watu zaidi ya thuluthi ya mali yake.

Kwa kipimo hicho, miaka ambayo mtumishi amekwisha kuitumikia kwa ahadi maalumu ni deni, na deni hulipwa kama lilivyoandikwa. Kulipunguza baada ya kazi kwisha ni kuvunja ahadi. Ama miaka ijayo ni kama wasia: yafaa ahadi yake iwekewe mpaka wa akiba iliyopo, na mtumishi mpya aambiwe waziwazi siku anapoajiriwa, wala si siku anapostaafu. Ukarimu wa kweli hujulikana siku ya kuweka akiba. Aahidiye vingi asiweke kitu, huwa amewaachia wengine kutoa.

MASWALI

1. Kwa nini pensheni haiitwi sadaka?
2. Miaka ya kabla ya 1999 iliacha deni gani, na ni nani aliyelibeba?
3. Mwenye mshahara wa kukokotolea wa shilingi 600,000, aliyetumika miezi 360, atapata kiinua mgongo kiasi gani kwa kanuni ya kale, na kiasi gani kwa ya sasa?
4. Ni nini khitilafu baina ya deni na wasia katika mas'ala haya?

Wabillahi taufiki.