Snokeli Kabla ya Masika

Misafara ya kale iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilivushwa mto Malagarasi kwa mitumbwi, tena kwa malipo. Leo mkazi wa Chemchem aendaye vijijini kati ya Novemba na Aprili, mbuga zinapojaa maji, humlipa fundi ili gari livuke lenyewe. Twamshauri aijaribu kazi ya fundi kabla ya kumaliza malipo.

Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni hukwama, kwa kuwa maji hayashindiliki, na konrodi hupinda. Ndiyo sababu hufungwa snokeli, bomba lichukualo hewa usawa wa paa. Lakini bomba lenye kiungo kinachovuja ni pambo tu. Injini ikiunguruma polepole, fundi azibe mdomo wa bomba kwa kibao. Injini sharti izimike. Ikiendelea kuunguruma, inapata hewa kwingine, na maji yatapitia huko huko. Fedha iliyobaki isitolewe mpaka kasoro hiyo iondolewe, na risiti itaje kazi yote iliyofanywa.

Difu nayo husahauliwa. Ikiingia majini ikiwa moto, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Mpira wake wa kupumulia upandishwe hadi juu ya injini. Baada ya safari, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imwagwe.

Snokeli haiongezi uzito wa gari. Maji yaendayo kasi hulichukua vilevile. Kina kilichoandikwa katika kitabu cha gari kisivukwe. Gari likizimika majini, usipige stata: livutwe.