Mwanachuoni Aliyeuhoji Moyo Wake

Mwaka uishapo, mwenye duka hufungua daftari lake akatazama faida na hasara. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanachuoni wa Pate katika visiwa vya Lamu, alifanya hesabu ya namna hiyo juu ya moyo wake mwenyewe. Utungo wake, Al-Inkishafi, ni wa mwanzo wa karne ya 19, fahari ya Pate ilipokuwa imekwisha kuanguka. Ulichapwa London mwaka 1939.

Wahubiri wengi huwaonya wenzao. Yeye auuliza moyo wake mbona haushiki shauri, nao waijua dunia. Dunia aifananisha na taa iliyo katika upepo, tena na mazigazi yamvutayo mwenye kiu wakati wa jua kali, akifika asipate ila kuungua.

Kisha auonyesha moyo majumba ya matajiri wa Pate. Hapo ndipo penye nguvu ya utungo, kwa kuwa ataja vitu ambavyo kila mtu wa mji ule alivijua. Madaka ya ukutani, yaliyowekwa sahani za fahari, sasa hulala makinda ya ndege. Popo waning'inia juu, buibui wametanda tando zao, na wenye nyumba wamo mchangani.

Msomaji wa leo huenda akaona ukali umezidi; lakini wa kwanza kuupokea ni mtunzi mwenyewe. Hata mwishoni hauachilii moyo wake, bali autajia mioto ya adhabu kwa majina yake, Jahimu na Hutama na mingineyo.