Kabla ya Rangi: Joto, Maji na Thamani ya Nyumba Burat

Anayetaka kuuza nyumba huanza kwa kumtafuta fundi wa rangi. Makala haya yanaiweka rangi karibu na mwisho, na yanaeleza sababu hatua kwa hatua, yakitumia mfano wa nyumba ya kawaida ya Burat, wadi iliyo pembeni mwa mji wa Isiolo: kuta za mawe au matofali, paa la mabati, na ploti yenye vumbi jingi na kivuli kidogo.

Kwanza tutenganishe maneno matatu. Gharama ni fedha ulizotumia. Bei ni fedha mlizokubaliana. Thamani ni makisio ya bei ambayo muuzaji asiyelazimishwa na mnunuzi asiyelazimishwa wangefikia, kila mmoja akijua anachouza au anachonunua. Gharama haigeuki kuwa thamani yenyewe tu. Ukitumia shilingi 200,000 kwa vigae vya sebuleni, huenda mnunuzi akaongeza kiasi kidogo tu, kwa kuwa yeye angeridhika na sakafu ya saruji iliyolainishwa. Marekebisho huongeza thamani pale yanapomwondolea mnunuzi mzigo ambao angelazimika kuubeba mwenyewe. Kwa hiyo swali la kuanzia ni hili: anayehamia Burat hubeba mzigo gani? Mizigo miwili iko wazi, nayo ni joto la mchana na uhaba wa maji. Yote miwili inaanzia kwenye paa.

Tuanze na joto. Joto ni nishati, na kawaida yake ni kuhama kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo. Halijoto ni kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Nishati hiyo huhama kwa njia tatu. Mpitisho ni joto kusafiri ndani ya kitu chenyewe, kama linavyopanda kwenye mpini wa kijiko kilichoachwa sufuriani. Myuko ni joto kubebwa na hewa au maji yanayosogea: hewa ikipata moto hutanuka, huwa nyepesi, na hupanda. Mnururisho ni joto kusafiri kama miali, bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Joto la jua hutufikia kwa njia hii ya tatu.

Isiolo iko karibu kabisa na ikweta, chini ya nusu nyuzi upande wa kaskazini. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama utosini. Hata mwezi Juni na Desemba, linapokuwa limeenda mbali zaidi, huinama nyuzi 24 hivi tu. Matokeo yake ni kwamba saa sita mchana kuta hupata jua kidogo sana, na paa hulipokea karibu lote. Mita moja ya mraba inayoelekea jua hilo, bila mawingu, hupokea takriban wati 1,000. Paa linalofunika mita 60 za mraba hupokea basi wati 60,000 hivi, sawa na birika 30 za umeme, kila moja ya wati 2,000, zikichemka kwa pamoja juu ya vichwa vya waliomo ndani.

Miali ikigonga bati, sehemu yake hurudishwa angani na sehemu humezwa. Inayomezwa hulipasha bati, nalo likishapata moto huanza kutoa miali yake lenyewe, juu na chini. Ndiyo maana mtu aliyeketi chini ya bati tupu huhisi joto utosini hata kama dirisha liko wazi na upepo unapita. Upepo huondoa hewa ya moto, lakini hauwezi kuzuia miali.

Hapa rangi ya paa ina kazi ya kweli. Bati lililoshika kutu humeza sehemu kubwa ya jua. Bati jipya linalong'aa hurudisha mwanga mwingi, lakini lina udhaifu usiojulikana sana: uso wa chuma kinachong'aa hutoa miali ya joto kwa shida, hivyo kile kidogo kilichomezwa hukwama humo. Rangi nyeupe huunganisha sifa mbili nzuri. Ikiwa safi hurudisha robo tatu hivi ya mwanga wa jua, na joto lililosalia hulitoa kwa urahisi. Mabati ya rangi ya damu ya mzee au kijani kizito yanapendwa, na yanapendeza ukiyatazama kutoka barabarani, lakini kwa hali ya hewa ya Isiolo mwenye nyumba anayalipia kila adhuhuri. Anayepaka nyeupe na aoshe vumbi na mafuta kwanza, kisha atumie rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa mabati yaliyopakwa zinki, la sivyo itabanduka kabla ya mnunuzi kufika. Na kama maji ya paa yatanywewa, asome mkebe kuhakikisha rangi haina risasi.

Wanunuzi wengi huuliza geji ya bati. Geji ni namba ya unene, nayo huhesabiwa kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Bati nene huvumilia upepo na miguu ya fundi. Kwa joto halisaidii. Bati la geji 30 lina unene wa theluthi moja hivi ya milimita, na chuma hupitisha joto takriban mara 2,000 kuliko hewa iliyotulia. Kuongeza chembe ya chuma si kuzuia lolote.

Kinachozuia ni dari. Dari husimama kati ya bati na mtu, ikapokea miali badala yake, na juu yake hubaki tabaka la hewa ambalo ni kizuizi kizuri cha mpitisho. Lakini hewa hiyo nayo hupata moto, kwa hiyo ni lazima ipewe njia: matundu chini ya ukingo wa paa pande zote, na mengine juu kabisa kwenye ukuta wa pembetatu, yakiwa na wavu wa kuzuia popo na ndege. Hewa ya moto itatoka juu kwa myuko na ya baridi kiasi itaingia chini. Dari ya jipsamu isifungwe kabla ya misumari yote ya paa kukaguliwa, kwa sababu tone moja la mvua huacha doa la kahawia, na mnunuzi mwenye macho huliona doa hilo kabla hajaiona dari.

Kuta zina jua lao, la asubuhi upande wa mashariki na la alasiri upande wa magharibi. La alasiri ndilo baya, kwa kuwa linakuta hewa tayari imepata moto. Jiwe hulimeza polepole na kulitoa usiku, wakati watu wamelala. Varanda upande wa magharibi, au mwarobaini uliopandwa mapema, hukatiza safari hiyo. Mti usiwe karibu na msingi, kwa sababu itakayoonekana tukifika kwenye udongo.

Mzigo wa pili ni maji. Kanuni yake ni nyepesi: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Eneo linalohesabiwa ni lile ambalo paa linafunika chini, si urefu wa mteremko wa bati, kwani paa lililoinuka zaidi halivuni mvua zaidi. Mji wa Isiolo hupata karibu milimita 600 kwa mwaka. Tuchukue 500 kwa tahadhari, na tuchukulie kwamba sehemu moja kwa tano hupotea kwa kurukia nje au kukauka. Paa letu la mita 60 za mraba litatoa 60 × 500 × 0.8, yaani lita 24,000 kwa mwaka.

Hata hivyo mvua haigawanywi sawasawa. Hunyesha Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna kiangazi cha miezi minne hivi. Jamaa ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji lita 100, na kwa siku 120 huhitaji lita 12,000. Tangi la lita 10,000 basi linakaribia kuivusha jamaa hiyo kiangazi cha kawaida. Kiangazi kisicho cha kawaida ni jambo jingine. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini mwa Kenya, na tangi lolote lingekauka. Muuzaji mwaminifu hasemi kwamba maji hayataisha. Anaonyesha hesabu.

Tangi hilo likijaa lina uzito wa tani 10, mbali na tangi lenyewe. Linahitaji jukwaa imara lisilotitia. Gata ziteremke milimita tano hivi kwa kila mita, na kuwe na bomba la kumwaga maji ya kwanza, yale yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Gata zina faida ya pili ambayo wengi hawaihesabu. Maji yanayodondoka kutoka ukingo wa paa huchimba mtaro kando ya ukuta na kulowesha msingi. Kutoka hapo unyevu hupanda ndani ya jiwe na plasta kupitia vijitundu vyembamba, hata kinyume cha mvutano wa dunia. Ukifika juu maji hukauka, chumvi hubaki, na ukuta huota unga mweupe. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo, umefunga mlango wa kutokea tu; unyevu utaisukuma rangi mpaka ivimbe.

Pale ambapo ploti ina udongo mweusi wa mfinyanzi, tatizo huwa kubwa zaidi. Udongo huo hufyonza maji katikati ya chembe zake na kuvimba, kisha kiangazi husinyaa na kupasuka. Msingi hupanda na kushuka nao, na mizizi ya mti ulio karibu huzidisha ukavu upande mmoja. Ukuta hujibu kwa ufa wa mshazari, mara nyingi kutoka pembe ya dirisha. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama ramani ni za plasta iliyokauka haraka, wala hazitishi. Kutofautisha ufa hai na uliokufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukivuka alama baada ya msimu mmoja, ufa huo ni hai, na kuujaza saruji ni kuficha dalili. Mnunuzi akija na fundi wake, ataujua.

Sasa rangi inaweza kuja. Ikitanguliwa na kazi hizi, itakaa.

Zimebaki karatasi, nazo ni fupi kueleza ingawa zina uzito mkubwa. Isiolo viwanja vingi bado vinashikiliwa kwa barua ya ugawaji. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Torino Enterprises, ilisema barua hiyo ni ofa tu inayosubiri masharti kutimizwa, na kwamba peke yake haimpi mtu haki ya ardhi. Nyumba nzuri juu ya karatasi dhaifu huuzwa kwa bei ya karatasi, kwa hiyo kukamilisha hatimiliki huenda kukawa marekebisho yenye faida kuliko yote yaliyotajwa hapa. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.

Kuna pia kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Mtu aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa. Asiyesamehewa huruhusiwa kutoa gharama za kuboresha nyumba kabla faida haijahesabiwa, mradi aweze kuzithibitisha. Risiti za dari, gata na tangi ziwekwe faili moja na stakabadhi za ploti.