Mtandao Ukipotea Sokoni: Pesa Iko, Njia Ndiyo Imepotea

Tuseme uko Kagio siku ya soko. Umechagua magunia mawili ya mchele wa Mwea, gari la Karatina linangoja, na mwenye mchele amesimama hapo simu mkononi. Unafungua programu yetu ulipe, inazunguka tu. Wengi wetu hubonyeza "Tuma" tena. Hapo ndipo shida huanza.

Kwanza tujue kimekwama nini. Programu huita seva kwa jina, lakini intaneti hutembea kwa nambari. DNS ndiyo hugeuza jina kuwa nambari, vile simu yako hupata nambari ukibonyeza "Mama Mchele". DNS ikilala, alama ya data utaiona, lakini hakuna kitu kitafunguka.

Simu kwa kawaida hupewa DNS mbili: ya kwanza na ya akiba. Mbona basi zote hukwama pamoja? Mara nyingi zinapita njia moja. Unakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilipozima dunia nzima kwa saa kama sita? Seva za DNS za kampuni hiyo hazikuwa moja, lakini kosa wakati wa ukarabati lilikata njia ya kuzifikia zote. Akiba inayopita njia ile ile si akiba.

Ikikupata, fanya hivi:

1. Usitume tena. Angalia salio na ujumbe wa uthibitisho kwanza. Huenda malipo ya kwanza yalipita, jibu tu ndilo halijarudi.

2. Badilisha njia. Washa hali ya ndege, hesabu hadi kumi, zima. Kama uko kwa waifai, jaribu data ya laini. Mara nyingi kila moja ina DNS yake.

3. Angalia DNS ya Faragha. Kwa Android iko kwenye Mipangilio, upande wa mtandao. Ukikuta jina limeandikwa hapo, rudisha Otomatiki. Jina hilo lisipojibu, simu haitafuti akiba, na intaneti inakatika hata kama mtandao uko sawa.

4. Bado? Tumia menyu ya USSD. Haihitaji data wala DNS ya simu yako. Inapita kwa mtandao wa kawaida wa simu.

Kuna siku hatua ya tatu haitasaidia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikawa polepole Kenya na majirani. Hakuna mpangilio wa simu unaounga waya baharini. Siku kama hiyo, njia nyingine ndiyo hukuokoa.

Kwa hivyo zoea menyu ya USSD leo, mtandao ukiwa sawa. Na mtu akikupigia akisema anarekebisha mtandao, anataka PIN yako, kata simu. Sisi hatuulizi PIN, mtandao uwepo au usiwepo.